Bastola Iliyoteremka Mguuni: Uchambuzi wa Kisa cha Plaxico Burress na Uchaguzi wa Holsta

Usiku wa Ijumaa tarehe 28 Novemba 2008, Plaxico Burress, mchezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya New York Giants, alijipiga risasi kwenye paja la kulia akiwa ndani ya Latin Quarter, klabu ya usiku iliyokuwa Lexington Avenue, Manhattan. Hakuna aliyekuwa amemshambulia, wala hakuwa amechomoa silaha ili kumtisha mtu. Bastola yake, Glock ya kaliba .40, ilikuwa kiunoni mwa suruali, na kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye, alikosea ngazi moja gizani, bastola ikachomoka kwenye mkanda na kuanza kuteremka kwenye mguu wa kulia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kinywaji. Aliiwahi silaha kwa mkono wa kulia kabla haijafika chini, na katika kuikamata akabonyeza kifyatulio.

Kisa hiki kimejadiliwa mara nyingi kama habari ya nyota aliyeharibikiwa, au kama mfano wa ukali wa sheria za silaha za jiji la New York. Hapa nakichambua kwa upande ambao ndio hasa uliomlaza sakafuni usiku ule, yaani namna silaha ilivyobebwa mwilini. Mtu aliyepewa kibali cha kumiliki bastola hutumia wiki nyingi kuchagua silaha yenyewe, kisha holsta, yaani ala ya kubebea bastola mwilini, huinunua kwa dakika tano, au asiinunue kabisa. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio uliogeuzwa, kwa sababu mmiliki wa kawaida anaweza kuishi maisha yake yote bila kulazimika kufyatua risasi kwa mtu yeyote, lakini kila siku anayotoka na silaha lazima ainame, akae, apande ngazi, aingie garini na kujibanza kwenye umati akiwa nayo.

Gharama ya tukio

Risasi ilipita kwenye nyama ya paja bila kuvunja mfupa na bila kukata ateri kubwa ya paja. Aliruhusiwa kutoka hospitalini siku iliyofuata. Msomaji asiipokee habari hiyo kwa wepesi, kwani ateri ya paja ikikatwa mtu anaweza kupoteza maisha kwa kuvuja damu katika muda wa dakika chache tu, mara nyingi kabla gari la wagonjwa halijafika. Burress alinusurika kwa umbali mdogo sana, na umbali huo haukutokana na jambo lolote alilolifanya yeye.

Yaliyofuata hayakumwachia nafasi. Kibali chake cha kubeba silaha kilikuwa cha jimbo la Florida, na kilikuwa kimekwisha muda wake Mei 2008. Hata kama kingekuwa hai, New York haikukitambua. Alishtakiwa kwa kumiliki silaha iliyojazwa risasi kinyume cha sheria, kosa ambalo adhabu yake ya chini kabisa ilikuwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Agosti 2009 alikubali kosa dogo zaidi, na mwezi uliofuata akahukumiwa miaka miwili. Aliachiliwa tarehe 6 Juni 2011, baada ya kukaa gerezani takriban miezi ishirini. Huyu ndiye aliyedaka mpira wa ushindi katika fainali ya Super Bowl ya tarehe 3 Februari 2008, Giants walipoifunga New England Patriots 17 kwa 14, na ndiye aliyekuwa ameongezewa mkataba wenye thamani ya dola milioni 35 Septemba ya mwaka uleule. Mchezaji mwenzake aliyekuwa naye klabuni aliiondoa bastola mahali pale, na kwa muda mrefu naye akaishi na uwezekano wa kufunguliwa mashtaka, ingawa mwishowe hakushtakiwa.

Siku chache kabla ya tukio, mchezaji mwingine wa timu hiyo alikuwa ameporwa kwa kutishiwa silaha. Kwa hiyo hofu iliyomfanya Burress abebe bastola haikuwa ya kubuni, nami sioni sababu ya kuidharau. Lakini hofu ya kweli haimwondolei mtu wajibu wa kubeba ipasavyo. Kwa hakika inaukaza, kwa kuwa anayebeba akiwa na wasiwasi hubeba mahali penye watu, usiku, na mikono ikiwa na shughuli nyingine.

Kilichotokea ndani ya chuma

Glock ni bastola isiyo na kufuli ya usalama ya nje ambayo mtumiaji huifunga na kuifungua kwa kidole gumba. Badala yake ina vizuizi vitatu ndani yake: ulimi mdogo ulio katikati ya kifyatulio, kizuizi kinachoifunga pini ya kupigia, na kizuizi kinachoifanya silaha isifyatuke ikianguka. Vyote vitatu hufunguka kimoja baada ya kingine pale kifyatulio kinapovutwa, na hujifunga vyenyewe kinapoachiwa. Ulimi wa kifyatulio umetengenezwa ili kifyatulio kisisogee kwa mshtuko wala kwa msukumo wa ubavuni, lakini kidole kinachoingia kutoka mbele huubonyeza ulimi na kifyatulio kwa pamoja, na mashine haina njia ya kujua kama kidole hicho kimekusudia au kimeteleza.

Nguvu inayohitajika kuvuta kifyatulio cha Glock ya kawaida ni takriban kilo mbili na nusu, na mwendo wake ni zaidi kidogo ya sentimita moja. Mtu aliyetulia akielekeza silaha kwenye shabaha huihisi nguvu hiyo vizuri. Mtu anayekidaka kitu kinachoanguka hufunga kiganja kizima kwa nguvu inayozidi hiyo mara kadhaa, wala hana habari vidole vyake vimetua wapi. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba silaha ile ilikuwa na kasoro. Ilifanya kazi iliyoundwa kuifanya: kifyatulio kilivutwa, ikafyatuka.

Tuangalie pia suala la muda. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita moja, ambacho ndicho kimo cha kiuno cha mtu mzima, hufika chini kwa muda usiofika nusu sekunde. Mwili wa binadamu huanza kuitikia baada ya takriban robo ya sekunde. Maana yake ni kwamba mkono unaweza kuiwahi silaha inayoporomoka, lakini akili haipati nafasi ya kuuliza kama inafaa kuiwahi. Wakufunzi wa silaha hufundisha kanuni moja juu ya hili, kwamba bastola ikikuponyoka iache ianguke, kwa sababu bastola za kisasa hutengenezwa zisifyatuke kwa kuanguka. Kanuni hiyo ni sahihi, hata kama ina mipaka yake: Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza mpango wa hiari wa kuzifanyia marekebisho bastola zake za P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zingeweza kufyatuka. Hata hivyo, silaha inayoanguka ina uwezekano mdogo wa kufyatuka, na silaha inayokamatwa kwa kifyatulio itafyatuka.

Shida ni kwamba kanuni hiyo inamtaka mtu aishinde silika yake katika robo sekunde, gizani, akiwa amekosea ngazi. Mazoezi husaidia, lakini sidhani kama ni busara kuutegemeza usalama wa paja lako, au wa mtoto wa mtu aliyesimama karibu, kwenye ushindi wa namna hiyo. Kinga ya kweli inapaswa kuwa imekwishafanya kazi kabla silika haijaamka, na kinga hiyo ni holsta.

Makosa mawili katika tukio moja

Nikikitazama kisa hiki kwa makini naona mambo mawili yaliyoshindikana, na ni muhimu yatenganishwe. La kwanza ni kwamba silaha iliondoka mahali pake. La pili ni kwamba ilipoondoka kifyatulio kilikuwa wazi. Taarifa zilizoenea wakati ule zilitaja suruali ya mazoezi na bastola iliyochomekwa kiunoni bila holsta. Burress mwenyewe alitaja mkanda. Kwa uchambuzi wetu jambo linalotosha ni hili, kwamba chochote kilichokuwa kimeishikilia bastola ile kiliiachia kwa hatua moja iliyokosewa, na kwamba hakikuwa kimekifunika kifyatulio, la sivyo kidole kisingekifikia.

Kila moja kati ya haya linahitaji jibu lake, na sokoni vipo vifaa vinavyojibu moja tu. Ipo klipu ya chuma inayofungwa kwenye slaidi ya bastola, yaani sehemu ya juu inayoteleza, ili ining'inie kiunoni. Huzuia kiasi fulani silaha isiteremke, lakini huacha kifyatulio kikisuguana na shati, na mkono ukiingia pale hakuna kinachoukinga. Kipo pia kikombe kidogo cha plastiki kinachofunika kifyatulio peke yake, kikiwa na uzi unaofungwa kwenye mkanda ili silaha ikichomolewa kikombe kibaki; hicho hukinga kifyatulio vizuri, lakini bastola yenyewe hushikiliwa na mbano wa suruali tu. Mtu akinunua kimojawapo kwa kuamini kwamba tayari ana holsta, amejibu nusu ya swali.

Holsta kamili kwanza hufunika pete yote ya kifyatulio, pande zote mbili, kwa kitu kigumu. Ugumu ndio unaosahaulika. Mikoba ya kitambaa cha nailoni inayouzwa kwa bei nafuu, ile inayodaiwa kutosha bastola yoyote, hufunika kifyatulio lakini hailindi, kwa kuwa kidole au pembe ya meza inaweza kukisukuma kutoka nje kupitia kitambaa. Kuna jaribio rahisi: hakikisha bastola haina risasi, toa magazini, kagua chemba, yaani tundu linalokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole, kisha rudia ukaguzi huo mara ya pili; iweke bastola kwenye holsta na ubonyeze kwa kidole gumba kutoka nje mahali penye kifyatulio. Ukihisi kifyatulio kinasogea, holsta hiyo haifai.

Pili, holsta huishikilia bastola hata ikipinduliwa. Silaha ikiwa tupu vilevile, na ukiwa juu ya godoro, geuza holsta mdomo uangalie chini na uitikise. Bastola isitoke. Holsta nyingi za plastiki ngumu zina skrubu ya kuongeza au kupunguza mbano, na hizo hazina budi kukaguliwa kila baada ya muda kwa sababu hulegea kwa mtikisiko wa mwili. Za ngozi nzuri hufinyangwa zikiwa na unyevu kwa umbo la bastola mahususi, na ndiyo sababu holsta ya ngozi ya bastola moja haiifai nyingine hata kama inaonekana kuingia.

Tatu, holsta yenyewe hubaki kwenye mkanda. Naona hili ndilo watu wengi hulipuuza zaidi. Klipu inayoshika ukingo wa suruali peke yake, hasa suruali yenye mpira kiunoni, itatoka pamoja na bastola siku utakapoihitaji, au itateleza taratibu unapotembea. Klipu inatakiwa ishike chini ya mkanda, ikiwa na ulimi unaorudi juu kuuzuia, na mkanda wenyewe uwe mgumu. Mkanda wa upana wa milimita 38 hadi 44, wenye tabaka mbili za ngozi au wenye uti wa plastiki ndani, hubeba uzito bila kujipinda. Mkanda mwembamba wa suti hujikunja, na bastola huanza kuning'inia ikiegemea nje. Bastola za kaliba .40 za umbo la kawaida, zikijazwa risasi, zina uzito wa kati ya robo tatu ya kilo na kilo nzima. Hakuna mpira wa suruali ya mazoezi unaoweza kuhimili uzito huo upande mmoja wa kiuno kwa usiku mzima.

Lipo la nne ambalo halikuhusika katika kisa cha Burress lakini huwaumiza wengi: kurudisha bastola. Mdomo wa holsta usipobaki wazi baada ya silaha kutoka, mtu huulazimisha kwa mkono wa pili, na kwa kufanya hivyo hupitisha vidole vyake mbele ya mtutu. Ngozi iliyochakaa ina hatari yake pia, kwani ukingo wake uliolainika unaweza kukunjika kuingia ndani, ukakaa mbele ya kifyatulio, na mtu anaposukuma bastola chini ngozi hiyo hufanya kazi ya kidole. Kamba ya jaketi yenye kifundo cha plastiki mwishoni inaweza kuleta madhara yaleyale. Kuchomoa kunaweza kuhitaji haraka. Kurudisha hakuna haraka yoyote: inua nguo, tazama mdomo wa holsta kwa macho, ondoa kidole kwenye kifyatulio, ndipo uteremshe silaha polepole.

Starehe ni sehemu ya usalama

Hapa ndipo ninapotofautiana na wakufunzi wa zamani waliozoea kusema kwamba silaha haikuundwa ili ikustareheshe, vumilia. Kauli hiyo huishia kwenye matokeo wasiyoyataka. Holsta inayochoma mbavu, inayokuna ngozi au inayokulazimisha kukaa upande huvumiliwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili mtu huilegeza, ya tatu huihamishia mahali pasipofaa, na mwishowe huiacha nyumbani akachomeka bastola kiunoni kwa sababu anakwenda mahali karibu tu. Kila anayechomeka bastola kiunoni bila holsta ana sababu inayoonekana ya busara kwa wakati huo, nayo karibu kila mara ni joto, uzito, au nguo aliyoivaa.

Kwa hiyo mwanzo wa kuchagua ni kuyaangalia maisha ya mbebaji kabla ya kuangalia orodha ya bei. Anayeshinda amekaa ofisini au nyuma ya usukani ana mahitaji tofauti na anayesimama dukani. Holsta ya ndani ya suruali huficha vizuri lakini inahitaji suruali iliyo kubwa kwa inchi moja au mbili kiunoni. Wengi wanaolalamika kwamba holsta ya ndani haivumiliki wanavaa suruali zilezile walizokuwa wakizivaa bila silaha. Holsta ya nje ya suruali ina starehe zaidi, hupitisha hewa na haigusi ngozi, lakini hudai vazi la juu linaloteremka vya kutosha.

Mahali pa kuweka ni suala la mwili wa mtu, na ushauri wa rafiki mwenye umbo jingine hauna uzito mkubwa. Mbele ya nyonga, karibu na kinena, ni mahali panapolindika kwa urahisi na panapoonekana kwa macho wakati wa kurudisha silaha, lakini mtutu huelekea paja na ateri yake, na mwenye tumbo hubanwa kila anapokaa. Hapo kabari ndogo ya sifongo inayobandikwa chini ya holsta, upande wa mwili, huusukuma mtutu mbali na ngozi na kuulaza mpini karibu na tumbo. Kitu cha bei ndogo ambacho kimewarejesha wengi waliokaribia kukata tamaa. Nyuma kidogo ya nyonga ya kulia ni mahali pa kawaida, na holsta ikiinamishwa mbele kidogo mpini hautokezi kwenye shati unapoinama. Katikati ya mgongo sipashauri hata kidogo, kwa kuwa ukianguka chali unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Holsta ya kwapani ina heshima yake kwa wanaovaa koti siku nzima, ingawa aina inayolaza bastola humwelekezea mtutu kila aliye nyuma yako.

Kwa wenye vibali Kenya na Tanzania, hali ya hewa na desturi za mavazi huleta mambo ambayo vitabu vya Marekani havigusi. Kwenye joto na unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam, ngozi hunywa jasho, hulainika na kuota ukungu, na slaidi iliyoilalia hupata kutu; plastiki ngumu ya Kydex hufutwa kwa kitambaa na kazi imekwisha, ilimradi holsta iwe na ukingo ulioinuka kati ya slaidi na ngozi ya mwili. Holsta ya plastiki isiachwe kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kwani plastiki duni hupinda na mbano wake hupotea. Shati linaloachwa nje ya suruali na Kaunda suti huficha vizuri kuliko koti la suti linalofunguka mbele. Fundi cherehani anaweza kuongeza vitanzi imara vya mkanda kwenye suruali, kazi ya nusu saa ambayo huifanya klipu isitembee. Na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, kifungio cha mkanda wa gari kiko kushoto kwa dereva, hivyo nyonga ya kulia haigongani nacho kama inavyotokea kwa dereva wa Marekani. Kinachobaki ni utepe wa mkanda unaopita juu ya nyonga hiyo, na huo ni vizuri upitishwe chini ya mpini, usiulalie.

Holsta yoyote huvaliwa kwanza nyumbani ikiwa na bastola tupu, kwa siku kadhaa, kabla ya kutoka nayo. Panda na kushuka ngazi, chuchumaa kufunga kamba za viatu, inama kumwinua mtoto, ingia na kutoka garini, rukaruka. Ngazi aliyoikosea Burress ilikuwa jaribio ambalo kila chumba chenye ngazi kingeweza kulifanya mapema, bila risasi na bila gharama.

Iwapo holsta ipo na bado haitoshi

Juni 2018, mjini Denver, Marekani, afisa wa FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, aliyekuwa nje ya kazi alicheza dansi katika baa na kuruka sarakasi ya kurudi nyuma. Bastola yake ilitoka kwenye holsta ya kiunoni na kuanguka sakafuni. Haikufyatuka ilipoanguka. Alipoinama kuiokota ikafyatuka, na mteja mmoja akajeruhiwa mguuni. Baadaye afisa huyo alikubali kosa na kupewa miaka miwili ya uangalizi bila kifungo.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu kinazuia hitimisho la haraka kwamba tatizo la Burress lingekwisha kwa holsta yoyote tu. Afisa wa Denver alikuwa nayo. Mbano wake haukulingana na alichokifanya mwili wake, na mara silaha ilipokuwa chini bila holsta, kifyatulio kilikuwa wazi kama kilivyokuwa Manhattan. Kwa anayejua kwamba atakuwa kwenye purukushani, mlinzi wa fedha kwa mfano, ipo holsta yenye kifungo cha ziada, ama utepe unaofunguliwa kwa kidole gumba, ama kufuli ya ndani inayoachia kwa kubonyezwa. Ninapendelea zile zinazofunguliwa kwa kidole gumba. Kufuli inayobonyezwa kwa kidole cha shahada humfundisha mtu kukikaza kidole kilekile ambacho sekunde moja baadaye kitakuwa kando ya kifyatulio, na wapo waliojipiga mguuni kwa sababu hiyo hasa.

Kisha kuna kinywaji. Visa vyote viwili vilitokea mahali pa kunywa. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, huitaja tabia ya ulevi miongoni mwa mambo yanayomfanya mtu asifae kupewa cheti cha silaha, na kifungu hicho naona kina busara. Hata bila kulewa, glasi inashika mkono mmoja na kuuacha mwingine ufanye kila kitu.

Uamuzi uliokuwa mbele yake

Tukiuweka kando upungufu wa kibali, ambao peke yake ulitosha kuifanya bastola ile isitoke nyumbani, tunaweza kuuliza mtu mwenye kibali halali angefanya nini akiwa na mpango uleule wa jioni. Njia ya kwanza ni kubadilisha vazi: suruali yenye vitanzi, mkanda mgumu, holsta ya ndani yenye klipu inayoshika chini ya mkanda, na shati refu. Kwa holsta hiyo ngazi iliyokosewa ingebaki ngazi iliyokosewa. Njia ya pili, kwa anayeng'ang'ania suruali ya mazoezi, ni mkanda mpana wa mpira unaovaliwa tumboni chini ya nguo, lakini ule wenye ganda gumu la plastiki la kufunika kifyatulio. Ile mikanda ya kitambaa kitupu ina udhaifu uleule wa mikoba ya nailoni. Naikubali njia hii kwa matembezi ya asubuhi. Kwa klabu yenye giza na msongamano siikubali, kwa kuwa mpira hulegea kwa jasho na kurudisha silaha kwa mkono mmoja humo ni vigumu mno.

Njia ya tatu ni kuiacha bastola kwenye kasha la chuma nyumbani, lililofungwa, na kuitafutia ile hofu jibu jingine: dereva anayesubiri mlangoni, walinzi wa kukodi, vito vya thamani kuachwa, au mahali pengine pa kukutana. Mchezaji wa kiwango chake alikuwa na uwezo wa kulipia yote hayo kwa msimu mzima. Kwa jioni ile, pamoja na kinywaji na ngazi za giza, ningechagua hii ya tatu hata kama holsta bora kuliko zote ingekuwa tayari juu ya meza.